Mkia wa Yonga

Uko jikoni unasonga ugali, uko garini unarudi kutoka zamu, au umejilaza tu baada ya siku ndefu, popote sauti hii ilipokukuta nakuomba unipe dakika ishirini. Leo nina habari ya kipande kimoja cha mbao kilichopotea.

Kipande chenyewe hakizidi kidole changu cha shahada. Ni mkia wa kangaruu. Katika chekechea ninayofanyia kazi, hapa Perth, magharibi mwa Australia, tuna rafu ya picha za vipande, zile ambazo watoto wa mjini huziita pazo. Ubao umechimbwa umbo la mnyama, mnyama mwenyewe amekatwa vipande, na mtoto huvitoa, huvichanganya, kisha hurudisha kila kimoja mahali pake. Kangaruu wetu ana vipande 9. Siku moja mvulana wa miaka minne, ambaye wazazi wake walitoka Kivu, nami leo nitamwita Amani, alipanga vipande vinane akabaki ameduwaa mbele ya shimo tupu nyuma ya mnyama. Akaniita kwa Kiswahili cha nyumbani kwao: "Mwalimu, mukia yake iko wapi?"

Tulitafuta chini ya zulia, nyuma ya kabati, ndani ya sanduku la magari. Hatukuuona. Ningeweza kumpa picha nyingine na asubuhi ikapita. Lakini ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku anayokuja Shangazi.

Shangazi si ndugu yangu wa damu. Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara hili, humwita mama aliyetimiza umri na heshima Shangazi, na mzee wa kiume humwita Mjomba, na watu wengine wote tunafuata. Mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hilo mara mbili. Shangazi wetu ni Mnoongar. Wanoongar ndio wenye kona yote ya kusini-magharibi ya Australia, na hapa Perth ni nchi ya Whadjuk, mojawapo ya jamaa zao. Akiingia mlangoni husema "Kaya". Kwao hiyo ni salamu, na pia ni "ndiyo". Kwetu kaya ni nyumba na wote waliomo. Maneno hayo mawili hayana undugu wowote, najua, lakini kila Jumanne nikilisikia hunijaa moyoni.

Basi Shangazi alimtazama kangaruu asiye na mkia, akamshika Amani mkono, wakatoka hadi kwenye sanduku la mchanga, na watoto wengine wakafuata. Akausawazisha mchanga kwa kiganja. Akalaza vidole viwili sambamba, akavibonyeza, akasogea, akabonyeza tena, jozi baada ya jozi. Kisha akavuta mstari mmoja katikati, wa kuburuta. "Huyu," akasema, "alikuwa anakula majani. Alikuwa anatembea polepole, hana hofu." Kangaruu akitembea taratibu huukita mkia chini, huusukumia mwili, kazi ileile ya mguu, ndiyo maana mkia huacha alama. Shangazi akafuta. Akapiga nyayo nyingine, safari hii zimeachana mbali, na katikati hakuna mstari. Akanyamaza. Watoto nao kimya. Mwisho msichana mmoja akasema, "Anakimbia." Na mkia je? Amani akanyoosha mkono wake juu, nyuma ya mgongo: uko hewani.

Nimeshinda na watoto wadogo miaka mingi, na ni masomo machache niliyoyaona yakiingia kwa wepesi namna ile. Baadaye nikamuuliza Shangazi alibuni vipi mchezo huo. Akaniambia hakubuni kitu, hivyo ndivyo bibi yake alivyomfunza yeye.

Huko jangwani, katikati ya bara, ni hivyohivyo. Wazee hupiga nyayo mchangani kwa vidole na viganja, mtoto anataja mwenye nyayo: emu, ndege mkubwa asiyeruka, ana vidole vitatu kama ncha ya mshale, kenge anaburuta mkia unaopindapinda kati ya miguu minne. Na mtoto haishii kumtaja mnyama. Huulizwa alikuwa anaelekea wapi, amepita lini, yuko peke yake au na mwanawe. Hicho ni kitendawili kinachosomwa ardhini, na aliyeshindwa kukitegua zamani alilala na njaa. Kaskazini, huko Yirrkala katika Arnhem Land, mwaka 1948 mtafiti mmoja alikusanya maumbo zaidi ya 190 ya kamba, yale ya kusuka uzi kwenye vidole mpaka atokee mnyama au chombo au wingu. Katika nchi hiyohiyo ya Arnhem Land liko pango la Madjedbebe, ambako wachimbuaji walitangaza mwaka 2017 kwamba watu wamekuwapo tangu miaka kama 65,000 iliyopita. Nayataja haya ili tusije tukadhani kwamba sisi, na mbao zetu za rangi kutoka dukani, ndio tuliowaletea watoto wa nchi hii mchezo wa kufikiri.

Tuitazame sasa hii picha ya vipande ilikotoka. Katika miaka ya 1760, London, mchonga ramani aitwaye John Spilsbury alibandika ramani ya Ulaya juu ya ubao mwembamba, akaikata kwa msumeno akifuata mipaka ya falme. Watoto wa wenye mali wakajifunza jiografia kwa vidole: huyu yuko wapi, anapakana na nani. Angalia hapo alipopitisha msumeno. Alipitisha mpakani, hakukata ovyo. Kwetu mtu anayejua kukatakata mbuzi hupitisha kisu kwenye viungo, na nyama inaachana yenyewe. Asiyejua hupiga panga, mifupa inavunjika, na unaokota vipande vya mifupa kwenye mchuzi. Picha ya kumfundishia mtoto habari za watu fulani ni vivyo hivyo. Swali langu kwa kila boksi linaloingia darasani ni hilo: msumeno umepita wapi?

Kwamba mkono wa mtoto hujifunza, hilo halina ubishi kwangu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Susan Levine, walichapisha habari za watoto 53 waliowafuata majumbani mwao, na waliokuwa wakipanga picha za vipande kati ya miaka miwili na minne walikuja kuwa wepesi zaidi kuyageuza maumbo kichwani. Ni sawa. Lakini mkono hujifunza chochote unachopewa, hata cha uongo.

Chukua jina. Kangaruu wetu wa mbao ameandikwa hivyo, kangaruu, kama dunia nzima inavyomwita. Neno hilo ni la Waguugu Yimithirr, watu wa kaskazini ya mbali upande wa mashariki. Mwaka 1770 meli ya James Cook iliharibika ikawekwa pwani ya kwao kutengenezwa, na mabaharia wakaandika jina la mnyama waliyemwona, gangurru. Umepata kusikia kwamba neno hilo maana yake ni "sijui", eti mwenyeji alishindwa kuwaelewa wageni? Si kweli. Katika miaka ya 1970 mwanaisimu alikwenda kwa watu haohao akalikuta neno likiwa hai, ni jina la aina moja ya kangaruu. Wenyeji walijibu sawasawa walichoulizwa. Ila sasa, kutoka huko hadi Perth ni zaidi ya kilomita 3,000. Kwa Shangazi, kangaruu ni neno la ugenini kama lilivyo kwangu. Mnyama huyo hapa anaitwa yonga. Kwa hiyo tulibandika karatasi juu ya ubao: yonga. Emu akawa wetj, batamaji mweusi akawa maali, kunguru akawa wardong, na kenge akawa karda.

Kuhusu kenge nitasema kidogo. Katika Kiswahili tumemwonea, jina lake tumelifanya tusi. Baba wa mtoto mmoja alicheka sana siku alipomkuta mwanawe amekumbatia karda wa mbao kama mwanasesere. Lakini kwa jamii nyingi za Waaborijini mnyama anaweza kukabidhiwa mtu tangu kuzaliwa kwake, naye akawajibika kumtunza na kutomla, awe kenge, awe kunguru. Mtoto wa miaka minne huelewa habari hiyo mara moja. Mpe kipande cha kichwa cha karda, mwambie yuko mtu ambaye karda ni ndugu yake, ataanza kukishika kwa mikono miwili.

Sasa nifike penye uchungu wangu. Kituo kimoja nilichofanya kazi zamani kilinunua seti ya picha sita za vipande. Rangi za kupendeza, mbao nzuri. Koala mwenye nukta mwili mzima, mamba mwenye nukta, kasa mwenye nukta, na kwoka, yule kangaruu mdogo wa huku kwetu mwenye uso kama anatabasamu, naye kajaa nukta. Hakuna jina la msanii. Hakuna jina la watu wala la mahali. Nyuma ya boksi imeandikwa tu kwamba ni sanaa ya asili.

Hizo nukta zina kwao. Mwaka 1971, huko Papunya, jangwani, kaskazini-magharibi mwa Alice Springs, mwalimu aitwaye Geoffrey Bardon aliwatia moyo wazee wachore habari zao, nao wakachora chungu wa asali kwenye ukuta wa shule. Kutoka ukuta ule wakahamia kwenye mbao na turubai, na mtindo wao ukaenea duniani. Alama zake zinasomeka. Umbo kama U ni mtu aliyeketi, kwa sababu ukikaa mchangani umekunja miguu, ukiinuka hilo ndilo umbo unaloliacha. Duara ndani ya duara ni kisima au kambi. Na nukta zenyewe, pamoja na uzuri wake, mara nyingine zilitumika kufunika yale ambayo si ya macho ya kila mtu. Hiyo ni lugha ya jangwa. Kumjaza kwoka nukta hizo ni sawa na kumchora Mmakonde amejifunga shuka jekundu la Kimaasai, kisha ukaandika chini: Mwafrika. Mtoto atavipanga vizuri vipande vyote, mkono utajifunza, na kitakachobaki kichwani ni kwamba watu hawa wote ni wamoja na kazi yao ni kupendezesha.

Na Wanoongar wana picha zao. Karibu na mji wa Katanning, kusini-mashariki mwa Perth, kulikuwa na mahali paitwapo Carrolup. Watoto wa Kinoongar walipelekwa huko baada ya kutwaliwa kwa wazazi wao kwa nguvu ya sheria. Nchi nzima ilifanya hivyo. Tume iliyotoa taarifa yake mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 mtoto 1 wa wenyeji kati ya 10, na pengine 1 kati ya 3, alitengwa na watu wake, na Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Basi pale Carrolup, katikati ya miaka ya 1940, alifika mwalimu aitwaye Noel White. Akawa anawatoa watoto kutembea porini, wakirudi wanachora kwa chaki za rangi yale waliyoyaona. Miti myeusi mbele ya jua linalozama. Yonga wameinua vichwa wakati wa magharibi, masikio yamesimama. Watoto wa miaka kumi na kitu, wasio na mama karibu, waliichora nchi ya mama zao namna ambayo mtu mzima akitazama hunyamaza.

Picha hizo zilipelekwa Ulaya kuonyeshwa, zikanunuliwa, nyingi zikaishia katika chuo kikuu cha Colgate, Marekani, zikalala stoo hadi mwaka 2004 alipozitambua mtaalamu aliyetoka Australia. Mwaka 2013 zilirudi Perth, zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Curtin. Mwalimu mwenzangu mmoja alipendekeza tuchapishe moja tuikate vipande, watoto wapange. Nilikataa, na nikiulizwa tena nitakataa. Zile zina wenyewe, familia zipo, wajukuu wapo. Na ziko picha ambazo mtoto anapaswa kuziona zikiwa nzima, kwa sababu waliozichora walikuwa wamekwisha kukatwa vya kutosha.

Ruhusa si adabu ya juujuu tu. Mwanamke mmoja msanii wa Wayolngu wa Yirrkala alichora kenge pembeni ya kisima kitakatifu cha ukoo wake. Simtaji, kwa kuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kwa watu wake jina la marehemu huachwa lipumzike. Picha yake ilinakiliwa bila yeye kujua, ikafumwa kuwa mazulia huko Vietnam, mazulia yakauzwa hapa Perth. Watu wakawa wanakanyaga kile ambacho ukoo mzima hukitunza, na mbele ya wazee wake yeye ndiye alikuwa wa kuulizwa. Yeye na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 1994 wakashinda. Mwaka 2019 mahakama ilitoza kampuni nyingine faini ya dola milioni 2.3 za Australia kwa kuuza vitu vilivyotengenezwa Indonesia kana kwamba ni kazi ya mikono ya Waaborijini. Hata hivyo uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya fedha ambazo watu hutoa kununua vitu vya kumbukumbu vyenye sura ya Kiaborijini huangukia kwenye vitu vya bandia. Kwa hiyo ukinunua picha ya vipande, igeuze. Nyuma pawe na jina la mtu, na jina la watu wake. Palipo patupu, rudisha boksi.

Iliyo bora kuliko zote tulizonazo haikutoka dukani. Ni mbao ya duara yenye vipande sita, aliichonga mjukuu wa Shangazi ambaye ni seremala, na tulimlipa kama fundi yeyote anavyolipwa. Kila kipande ni msimu. Sisi tuliosoma kwa vitabu vya Ulaya tulikaririshwa majira manne, theluji ikiwemo, na nje ya dirisha masika inamwagika. Watoto wa Perth nao husomeshwa hayohayo manne. Wanoongar wana majira sita: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba, Kambarang. Birak ni Desemba na Januari, joto kavu. Makuru ni Juni na Julai, baridi na mvua nyingi. Kambarang, Oktoba na Novemba, maua yamejaa na nyoka wametoka kuota jua, hivyo mzazi huangalia mtoto anapokanyaga. Mipaka ya vipande haifuati kalenda ya ukutani. Inafuata ua lililochanua, ndege aliyeanza kujenga, upepo uliogeuka. Yule seremala alilipata hilo vizuri: hakukata kwa mistari iliyonyooka, alikata kwa mawimbi, na kipande cha Djeran kimeingiza ulimi wake ndani ya Makuru, kwa sababu baridi haifiki siku moja.

Mtu aliyezoea kusema kaskazi imeingia, kusi imeanza, anaielewa mbao hiyo bila mkalimani.

Kwenye kipande cha Makuru wamechorwa wardong wawili wanaruka. Shangazi aliwaambia watoto kwamba wakati huu kunguru huenda wawiliwawili, kimya, hawapigi kelele zao za kawaida, kwa kuwa wanatafuta wenza. Tangu siku hiyo watoto hawapiti uwanjani bila kuangalia juu. Msichana mmoja alikuja kunivuta kanzu: "Mwalimu, wawili. Na wamenyamaza." Akakimbia ndani akachomoa kipande cha Makuru, akatoka nacho nje, akakiinua angani kulinganisha.

Na wako wanaolisoma anga hata usiku. Kaskazini ya New South Wales, upande wa mashariki wa nchi hii, Wakamilaroi humwona emu angani, na hawamuungi kwa nyota. Emu wao ni ule weusi uliopo kati ya nyota za Njia ya Maziwa, kichwa kiko karibu na Msalaba wa Kusini, shingo na mwili vinashuka. Mwili wake ukionekana kama emu anayekimbia, jioni za Aprili na Mei, ndio wakati emu wa ardhini wanapojiandaa kutaga. Na emu dume ndiye alaliaye mayai, wiki nane hivi, karibu bila kula. Kuna mtu angefanya jambo jema kuchonga picha hiyo, kwa ruhusa yao, vipande vyeusi ndivyo vyenye mnyama na vyenye nyota ndivyo vya pembeni. Watoto wengi wangeanza na nyota. Ningependa kuwaona wakigundua.

Nirudi kwa kwoka. Anaishi zaidi kwenye kisiwa kilicho mbele ya Perth, watalii huvuka kwa boti kupiga naye picha. Wanoongar hukiita kisiwa hicho Wadjemup. Kuanzia mwaka 1838 hadi 1931 kilikuwa gereza la Waaborijini. Wanaume na vijana wapatao 4,000, kutoka pande zote za Australia Magharibi, walifungwa pale, na zaidi ya 370 wamezikwa kwenye kisiwa hicho, wengi wao mbali na mito na ndugu zao. Mtoto wa miaka minne simpi habari hiyo. Nampa jina, Wadjemup, na namwambia mahali pale ni pa heshima, tunatembea taratibu. Akifika miaka tisa au kumi ataisikia habari yenyewe, na jina litakuwa limekwisha kukaa mdomoni kumpokea. Lakini mwalimu, na mzazi, wewe unapaswa kuijua leo, kabla hujamkabidhi mtoto yule mnyama anayetabasamu.

Mama Amani aliniuliza siku moja, tukiwa mlangoni, mvua inanyesha, ana mwingine mgongoni. Aliuliza kwa upole kabisa: sisi ni wageni, tumetoka vitani, watoto wetu hata Kiswahili chao kinawaponyoka, hii habari ya wenyeji inatuhusu nini? Ni swali la haki. Nilimjibu kwa swali letu la kawaida. Kule kwetu mtu akishuka kwenye basi na mizigo yake, cha kwanza anachoulizwa ni kimoja: umefikia kwa nani? Hajaulizwa anatoka wapi wala ana nini. Nikamwambia, Mama Amani, hapa umefikia kwa Whadjuk. Mwanao amelijua jina la mwenyeji wake kabla yetu. Alinyamaza kidogo, akalirudia lile jina taratibu, akaniuliza linavyoandikwa.

Na hicho Kiswahili kinachoponyoka, picha ya vipande inaweza kukishika. Nyumbani huhitaji fedha. Nendeni bustanini au ziwani na mtoto, mpigeni picha ndege au mti kwa simu, chapisheni, bandikeni kwa gundi kwenye boksi la nafaka la asubuhi. Likikauka chukua mkasi. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu vipande vinne vinatosha, wa miaka minne anaweza tisa, hata kumi na viwili. Fuata viungo: kichwa, bawa, mguu. Picha iwe yenu, msikate kazi ya mtu. Halafu ficha vipande kwenye kikapu au chini ya kitenge, utege. Kitendawili! Mtoto aitikie, tega! Nina miguu mirefu, nina mbawa lakini siruki, nikizaa baba ndiye hulalia mayai. Akitaja emu, apate kipande kimoja. Akitaja kwa Kiswahili na kwa Kinoongar, wetj, apate viwili. Mama mmoja wa Kirundi aliniambia kwake mchezo umefika lugha nne, na bibi wa watoto, ambaye alikuwa hatoki chumbani, sasa ndiye anayetega.

Mkia wa mbao haujaonekana mpaka leo. Mjukuu wa Shangazi alijitolea kuchonga mwingine, Amani akakataa. Amekata wake kwa boksi, kaupaka rangi ya kahawia ambayo hailingani hata kidogo na mnyama. Kila akimpanga yonga hukiacha kipande hicho cha mwisho mkononi, akawageukia wenzake waliokaa naye mkekani, akawauliza: anatembea au anaruka? Wakisema anatembea, anaubana mkia kwenye shimo lake. Wakisema anaruka, anaunyanyua juu ya kichwa chake na kuushikilia hewani mpaka mkono uchoke.